Mwalimu Kabla ya Kuwa Shahidi

Jirani yangu hapa Lundo ni mzee Mkatoliki, mwalimu mstaafu, aliyelelewa na kusomeshwa na Wabenediktini wa Peramiho. Kila mwezi wa Mei huwakusanya vijana kibarazani na kuwasimulia habari za wamonaki wa abasia ya Tokwon, Korea Kaskazini. Askari walifika usiku, abate mzee akachukuliwa, akafia gerezani, wenzake wakafa kambini kwa njaa na baridi. Husimulia vizuri. Mimi ni Mlutheri, lakini nimeketi kwenye mkeka ule zaidi ya mara moja.

Mwaka huu mjukuu wake alimkatiza. "Babu, kabla ya kukamatwa walikuwa wanafanya kazi gani?"

Mzee akanigeukia. "Mchungaji, wewe unafundisha chuoni. Mjibu mwenzio."

Nilijibu kwa kifupi, nikarudi nyumbani sijaridhika. Swali la kijana yule linagusa udhaifu mkubwa wa namna tunavyosimulia habari za wafia imani, kwao na kwetu. Tunaanzia kwenye lango la gereza. Chuoni huwapa wanafunzi wangu zoezi: chukua maisha ya shahidi yeyote yaliyoandikwa na kanisa, futa sehemu ya kukamatwa na kufa, kisha uniambie kimebaki nini. Mara nyingi hubaki nusu ukurasa, nao umejaa sifa tu: mnyenyekevu, mwenye bidii, mpenda sala. Hakuna mtu pale.

Basi tumchukue Bonifatius Sauer, yule abate mzee. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1877. Mwaka 1909 shirika lake la Mtakatifu Ottilia, lilelile lililoanzisha Peramiho mwaka 1898, lilimtuma Seoul. Aliyewaita ni Askofu Mutel wa Seoul, na alichotaka kilikuwa wazi: watu wa kuwaandaa walimu. Wakafungua shule ya ufundi, na mwaka 1911 chuo cha ualimu. Chuo hicho hakikufika mbali. Kilifungwa mwaka 1913, wakati Korea ikiwa koloni la Japani na elimu ikishikwa na serikali. Shule ya ufundi nayo ilifungwa baadaye. Mwaka 1921 Sauer akawekwa wakfu kuwa askofu, akapewa eneo la kaskazini-mashariki, na mwaka 1927 abasia ikahamia Tokwon, karibu na mji wa Wonsan.

Msimuliaji wa kawaida anairuka miaka hii kwa sababu haina utukufu. Kwangu mimi ndiyo yenye utajiri kuliko yote. Mtu ametumwa kufundisha walimu, chuo kinamfia mikononi baada ya miaka miwili, naye anabaki. Anahama, anaanza upya: seminari, kiwanda cha uchapaji, karakana, mashamba. Kila mmoja wetu aliyewahi kuona darasa la kipaimara likipungua kutoka watoto ishirini hadi wanne anajua kwamba kuna mateso yasiyo na askari wala pingu. Hayo hayaandikwi kwenye kalenda ya watakatifu.

Hata mateso yenyewe hayaeleweki bila kazi ile. Mwaka 1946 serikali mpya ya kikomunisti iligawa upya ardhi, na abasia ikapoteza mashamba. Kabla ya kumfikia askofu, walimkamata msimamizi wa mali za abasia, kisha bruda mkuu wa uchapaji. Ukitazama mpangilio huo utaona watesaji hawakuwa wajinga. Walianza na chakula na maandishi. Mei 1949 ndipo wakawachukua Sauer na viongozi wa nyumba, na seminari ikafungwa. Sauer alikuwa na miaka 72, mgonjwa. Alifariki katika gereza la Pyongyang tarehe 7 Februari 1950. Wamonaki na masista wengi wa Kijerumani walipelekwa kambi ya kazi ya Oksadok, milimani. Padre Anselm Romer, aliyekuwa gombera wa seminari (sisi tungesema mkuu wa chuo), alifia huko mwaka 1951. Sista Diomedes Meffert, daktari, alinusurika. Waliobaki hai walirudishwa Ujerumani Januari 1954.

Sasa nafika mahali panaponisumbua, na jirani yangu anajua kwamba pananisumbua.

Sisi watu wa Ruvuma tuna kumbukumbu nyingine ya shirika hilohilo. Kila Februari, Songea, tunawakumbuka mashujaa wa Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni, na padre Mbenediktini, Johannes Häfliger, aliingia gerezani akawafundisha na kuwabatiza wengi wao kabla hawajafa. Simhukumu. Huenda alikuwa mtu pekee aliyewaonea huruma siku ile. Wala sisahau kwamba miezi michache kabla, Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa kwa mikuki wakiwa safarini kuelekea Peramiho. Lakini padre yule alitoka gerezani jioni kwa miguu yake, na walinzi wa lango walizungumza lugha yake. Miaka arobaini na mitatu baadaye, Korea, ndugu zake wa shirika hawakutoka.

Msimulizi akinieleza habari za Tokwon bila kugusa habari za Songea, ananiachia nusu. Anamwonyesha Mjerumani aliye mikononi mwa wenye nguvu, na kumficha Mjerumani aliyekuja pamoja nao. Wakomunisti walisema wale ni wageni wanaomiliki ardhi. Sentensi ile haikuwa uongo mtupu, na ndiyo maana ilifaa kuwa silaha. Na sisi Walutheri tusicheke: wamisionari wetu wa Berlin nao walikuja chini ya bendera ileile.

Kasoro ya pili ni ya majina. Kesi ya kuwatangaza wenye heri inawahusu watu 38, ikiongozwa na jina la Sauer na la padre Mkorea, Benedict Kim. Ni vizuri jina la Mkorea lipo mbele. Lakini vijana wa kibarazani hawakuwa wamelisikia hata mara moja. Walisikia "Wajerumani." Wamonaki Wakorea waliofukuzwa abasia na kuambiwa warudi kwao hawamo kabisa katika masimulizi, ingawa ni wao, waliovuka kwenda kusini, walioanza tena mwaka 1952 huko Waegwan. Kama unataka kujua Sauer alikuwa mwalimu wa namna gani, hapo ndipo pa kutazama: nani aliendelea baada ya walimu kufungwa?

Kwetu hali si bora. Tunamsifu Mchungaji Gudina Tumsa wa Mekane Yesus, aliyetekwa Addis Ababa Julai 1979 na kuuawa na utawala wa Derg, na ni haki asifiwe. Tunapenda hasa kusimulia kwamba Mwalimu Nyerere alitaka kumwokoa, naye akakataa kuliacha kundi. Mkewe, Tsehay Tolessa, alikaa gerezani miaka kumi. Ni sharika ngapi zinamtaja?

Juma lililopita nilimrudia mzee na kumweleza haya yote, hata habari ya Häfliger, nikitegemea atakasirika. Alikuwa anashona wavu, hakuinua uso. Akasema babu yake alibatizwa na hao hao, na kwamba nyumbani kwao habari ya Songea ilisimuliwa usiku tu, kwa sauti ya chini, wageni wakishaondoka.

"Mwaka ujao," akasema, "njoo uanze wewe na chuo kilichofungwa. Mimi nitawaeleza ya Songea. Ya gereza wanayajua tayari."