Kani Mara Umbali, Lakini Umbali Kutoka Wapi? Uhakiki wa Fasili ya Momenti katika Fizikia ya Kiswahili

Mijadala ya Kiswahili na sayansi katika ukanda wetu imezoea kuuliza swali moja: je, istilahi zipo? Swali hilo lina historia ya heshima. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na mwandishi wa fizikia akapata mahali pa kuanzia. Hata hivyo, istilahi haiwezi kufanya kazi ya sentensi. Makala haya yanahakiki fasili moja fupi ili kuonyesha kwamba udhaifu wa maelezo yetu ya kisayansi unaweza kuwa katika ujenzi wa hoja, hata pale msamiati unapotosheleza. Fasili yenyewe ni hii: momenti ni kani mara umbali.

Ukiacha istilahi mbili, momenti na kani, fasili hiyo haina neno linalomsumbua msomaji. Kasoro yake ni ukimya. Kwanza, haisemi umbali unapimwaje. Tuchukue spana yenye urefu wa mita 0.30 kutoka kwenye nati hadi pale mkono unaposhika. Fundi akivuta kwa kani ya niutoni 100 kwa pembe mraba na mpini, momenti ni niutoni-mita 30. Akivuta kwa kani ileile, lakini kwa pembe ya nyuzi 30 na mpini, momenti inashuka hadi niutoni-mita 15. Akivuta kwa kufuata urefu wa mpini wenyewe, momenti ni sifuri, ingawa kani haijapungua na spana haijafupika. Mwanafunzi aliyekariri fasili atapata 30 katika hali zote tatu. Kinachotakiwa ni umbali kutoka kwenye nukta hadi kwenye mstari ambamo kani inatenda, ukipimwa kwa pembe mraba na mstari huo. Katika hali ya pili umbali huo ni mita 0.15 tu.

Pili, na hili ni zito zaidi, fasili haitaji nukta. Kani moja haina momenti yake peke yake, kwa kuwa ina momenti kuhusu nukta fulani, na nukta ikihamishwa, jibu linaweza kubadilika. Ubao wa mita 4, ambao uzito wake tunaupuuza, umeegemezwa kwenye ncha zake A na B. Mtu mwenye uzito wa niutoni 600 amesimama mita 1 kutoka A, na ubao umetulia. Tukihesabu momenti kuhusu A, kani ya egemeo la A inatoweka kwenye hesabu kwa sababu umbali wake ni sifuri. Kinachobaki ni kwamba kani ya egemeo la B mara 4 ni sawa na 600 mara 1, yaani niutoni 150. Tukihesabu kuhusu B, kani ya A mara 4 ni sawa na 600 mara 3, yaani niutoni 450. Jumla ni 600, sawa na uzito wa mtu. Katika gimba lililotulia tunaruhusiwa kuchagua nukta yoyote, na mjuzi huchagua ile inayoondoa kisichojulikana. Fasili isiyotaja nukta inamnyima mwanafunzi uamuzi huo, na uamuzi huo ndio kiini cha somo.

Je, Kiswahili kimeshindwa hapa? La. Sarufi yake inaelekea upande unaotakiwa. Kitenzi zunguka kinaweza kusimama peke yake, lakini kikiingia kauli ya kutendea kinadai kijalizo: gimba linazungukia nini? Mwandishi anayeandika "kani inaelekea kulizungusha gimba, nalo lizungukie nukta O" hawezi kuisahau O bila sentensi kupwaya. Basi fasili iliyo kamili yaweza kuwa hivi: momenti ya kani kuhusu nukta O ni zao la kani hiyo na umbali, kwa pembe mraba, kutoka O hadi kwenye mstari wa kani. Maneno ni yaleyale ya awali, yakiongezewa uhusiano uliokuwa umeachwa.

Yaweza kupingwa kwamba fasili fupi hukumbukwa kwa urahisi, na kwamba mwalimu hujaza pengo kwa mdomo. Lakini kitabu husomwa pia pale ambapo mwalimu hayupo, na fasili inayotegemea maelezo yasiyoandikwa haijakamilika kuwa fasili.

Suala hili lina uzito wa kisera. Rwanda iliingiza Kiswahili miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likafuata njia hiyo mwaka 2022. Katika shule za umma za Tanzania, Kiswahili hufundishia msingi, kisha Kiingereza hushika nafasi yake sekondari, ambako momenti hufundishwa kwa kina. Mwanafunzi anaposhindwa kukokotoa momenti kwa maelezo ya Kiswahili, ni rahisi kuilaumu lugha na kuhitimisha kwamba haijawa tayari. Uhakiki huu unaonyesha kwamba hitimisho hilo laweza kuwa la haraka. Kwa hiyo, kamati zinazoidhinisha vitabu zisiishie kukagua orodha ya istilahi. Zichukue kila fasili na kuuliza kama msomaji anayeifuata neno kwa neno atapata jibu sahihi pale kani inapovutwa kwa mshazari na pale nukta inapohamishwa.