Kesi, au Kisa?

Hapa Kakuma mtu akikuuliza, "Kesi yako imefika wapi?", usishtuke. Hakuna aliyekushtaki. Anauliza habari za faili yako: umeshaitwa kwa mahojiano, ama bado unaambiwa ungoje.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, case, na kwao lina vyumba vingi. Mgonjwa mbele ya daktari ni case. Hoja unayoijenga ni case. Shauri la mahakamani pia. Kiswahili kikachukua chumba hicho kimoja, cha mahakama. Mwenye kesi ama kaiba ama kaibiwa. Juzi kwenye foleni ya maji mama mmoja alisema, "Sisi tuko watu saba kwenye kesi moja." Mgeni angedhani wameua mtu!

Sisi wa Uvira na Bukavu tulikuja na dosie, la Kifaransa. Dosie ni makaratasi tu. Yanapotea, yanalowa mvua, wewe unabaki mtu. Kesi inakuvaa.

Maneno ya mkopo siyapingi, dosie nalo ni la mkopo. Ninachopinga ni uvivu wetu waandishi. Insha kwa insha, shairi kwa shairi, nakutana na "kesi yangu", neno limetoka kaunta likaingia kwenye ukurasa hata mikono halijanawa. Aliyekataliwa na sasa anakata rufaa, huyo ana kesi kweli, aiite hivyo. Wengine je?

Kumbe neno lingine lipo. Kipindupindu kikizuka, magazeti huandika "visa vya kipindupindu", na hapo Kiingereza kingesema cases. Kisa ni tukio, ni hadithi, tena ni sababu. Na afisa anakuuliza nini kama si hicho? Mkataba wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yenye msingi, na hofu utaionyeshaje bila kusimulia? Unatoa kisa, unarudishiwa kesi yenye namba.

Wanaonisumbua zaidi ni vijana waliozaliwa hapa. Wanaandika "kesi yetu", tena kwa Kiswahili kizuri, na kisa chenyewe hawajawahi kukisikia. Mama alikisimulia kwa maafisa, mwaka huu na mwaka ule, mbele ya mkalimani. Nyumbani, hata mara moja.