Butura ya Maneno

Maneno yangu yaliyosomwa na watu wengi kuliko yote niliyowahi kuandika ni haya: "Baba yangu mdogo aliuza kahawa ya familia kwa bei ya kutupa. Alichofanyia hela hizo kitakushangaza. Linki ipo kwenye komenti ya kwanza." Naomba niyahakiki hapa kama ambavyo ningehakiki maneno ya mtu mwingine.

Niliyaweka Facebook ili kuvuta wasomaji kwenye blogu yangu, iliyokuwa na umri wa wiki mbili na insha moja tu. Insha ilihusu butura. Kwa msomaji asiyetoka Kagera, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Mkulima aliyebanwa anachukua hela leo, na msimu ukifika mavuno yanakwenda kwa aliyempa, kwa bei waliyopatana siku ya shida. Viongozi wanaikemea kila mwaka, lakini shida haisikii kemeo. Baba mdogo, mkulima wa Rugu wilayani Karagwe, aliingia butura Januari 2013 ili mimi nirudi shule ya bweni nikiwa na ada.

Kabla ya tangazo lile, insha ilikuwa imefunguliwa mara 19, nyingi zikiwa zangu mwenyewe. Kufikia jioni ilikuwa imepita 400. Nilishangilia peke yangu chumbani. Kisha nikaangalia muda ambao watu walikaa: wengi hawakumaliza nusu dakika, na insha inataka dakika kumi.

Sasa uhakiki. Kila neno la tangazo lile ni kweli, na tangazo zima ni uongo. Insha yangu imesimama juu ya neno moja, "ada". Nililiondoa makusudi, maana nilijua msomaji akilikuta hana sababu ya kubofya. Mahali pake nikaacha shimo, na kila mtu akalijaza kwa alichonacho: pombe, mwanamke, kamari. Komenti zilijaa hayo. Mwandishi anayeficha jambo ili lifunuke kwa wakati wake anamheshimu msomaji. Mimi nilificha ili niuze, na kilichouzwa ni jina la mtu ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo.

Maana Rugu ilifika skrinshoti, siyo insha. Baba mdogo anatumia kitochi, kwa hiyo aliisikia dukani, kwa mdomo wa jirani. Alinipigia usiku. Nilimwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Mwanangu, kwani ada sikulipa?"

Huwa tunasema kosa ni la wasomaji wavivu. Sikubali. Watu wengi kijijini hununua bando la mitandao ya kijamii kwa sababu ni nafuu. WhatsApp na Facebook zinafunguka, ila ukibofya linki inayotoka nje unaambiwa huna salio. Kwa msomaji huyo tangazo ndiyo maandishi yote, hakuna ukurasa wa pili. Ukimwandikia chambo, umemlisha ndoano.

Siyo lazima iwe hivyo, na blogu zetu zenyewe zinashuhudia. Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti, alianzisha blogu yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, kwa msaada wa Ndesanjo Macha, ambaye tayari alikuwa akiblogu kwa Kiswahili katika Jikomboe. WhatsApp haikuwepo, na Facebook ilikuwa bado ya wanafunzi. Msomaji aliingia kwa Michuzi akakuta picha na maelezo yake, akaelewa, akaondoka. Kesho alirudi kwa "Ankal" kuona libeneke limefika wapi, kwa sababu jana hakudanganywa. Pembeni mwa blogu za wakati ule kulikuwa na orodha ya blogu nyingine. Mwenye blogu alikuelekeza kwa mwenzake kama mtu anavyokuonyesha njia ya kwa jirani anayemfahamu. Wasomaji walikuwa wachache, lakini walifika wakijua wanakwenda kwa nani.

Sisemi tuihame mitandao. Blogu mpya isiyotangazwa ni barua isiyotumwa. Ninachosema ni kwamba tangazo nalo ni maandishi, na lipimwe kama maandishi: je, mtu akisoma hilo tu, asiende kwingine kokote, ataondoka na kitu cha kweli?

Kwa kipimo hicho nilifuta la kwanza, nikaandika la pili: "Januari 2013 baba yangu mdogo aliuza kahawa ikiwa bado maua, ili nilipiwe ada. Mavuno yalipofika hayakuwa yake. Nimeandika deni hilo ninavyolikumbuka." Kisha nikaisoma insha yote kwa sauti na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ili hata asiye na salio aisikie. Wiki nzima blogu ilifunguliwa mara 63. Namba ilishuka, na sitajifanya haikuniuma.

Siku ya nane baba mdogo alinipigia tena. Binamu yangu alikuwa amemsikilizisha insha kwenye simu yake, mwanzo hadi mwisho, wakiwa wamekaa nje jioni. Nilingoja anisamehe au anigombeze. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Umekosea sehemu moja," alisema. "Januari kahawa haina maua. Zilikuwa punje tayari, za kijani. Nilikuwa naziona kila siku. Rekebisha."

Nimerekebisha. Katika wote waliofungua blogu ile, yeye ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba aliifuatilia neno kwa neno.