Dawa ya Deni: Msamaha wa Mungu katika Kiswahili cha Sala ya Bwana

Wakristo wazungumzao Kiswahili wakutanapo ughaibuni kwa ibada ya pamoja, Sala ya Bwana huanza kwa sauti moja na kugawanyika katikati. Waliofunzwa katekisimu ya Kikatoliki humwomba Mungu asamehe makosa. Waliolelewa na Biblia ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, humwomba asamehe deni. Kwa nukta chache sala husikika kama manung'uniko. Wengi huuchukulia mgawanyiko huo kuwa tofauti ya mazoea tu. Makala haya yanashikilia kwamba ni zaidi ya mazoea: kila neno limebeba fasiri yake ya msamaha wa Mungu, na uteuzi wake unawagusa hasa watu waliodhulumiwa.

Asili ya tofauti hiyo ni ya kale kuliko Kiswahili cha maandishi. Mathayo aliandika kwa Kiyunani neno lenye maana ya madeni, akifuata bila shaka matumizi ya Kiaramu, ambamo neno moja, hoba, hutaja deni na dhambi pia. Luka, akiwaandikia wasomaji wa mazingira mengine, aliweka dhambi katika sehemu ya kwanza ya ombi, lakini akabakiza lugha ya deni katika sehemu ya pili. Mtafsiri wa Biblia ya Muungano aliiona hila hiyo, na katika Luka akatumia kitenzi -wia, yaani kumdai mtu, ambacho leo hakisikiki sana nje ya maandiko. Hata deni lenyewe katika sala hiyo limewekwa katika ngeli ya I-ZI, ilhali Kiswahili cha sasa husema madeni. Ukale huo wa sarufi umechangia kulifanya neno lisikike kama la kanisani tu, lisilo na uhusiano na daftari la mwenye duka.

Neno makosa nalo lina utetezi wake, tena wenye uzito. Kukosa, katika maana yake ya msingi, ni kutopata kilicholengwa: mwindaji hukosa shabaha, msafiri hukosa njia. Neno la Kiyunani analolitumia Luka, hamartia, limetokana na kitenzi chenye picha hiyohiyo. Isitoshe, makosa hayana harufu ya biashara. Anayelitumia haelekei kudhani kwamba Mungu ni mkopeshaji anayekaa na vitabu vya hesabu, akingoja rejesho.

Hata hivyo, matumizi yamelipunguzia neno hili nguvu. Leo kuna makosa ya uchapaji, makosa ya tahajia, makosa ya kibinadamu. Kosa husahihishwa, na likishasahaulika huwa kama halikuwapo. Deni halina tabia hiyo. Mdaiwa anaweza kusahau, lakini usahaulifu wake haupunguzi hata senti moja. Deni humfunga mtu kwa mtu mwingine, na fungu hilo hudumu mpaka mmoja wao afanye jambo. Methali za Kiswahili zinalijua hilo: dawa ya deni kulipa, kukopa harusi, kulipa matanga. Katika hekima hii deni halina tiba nyingine.

Ni dhidi ya hekima hiyo ambapo Injili husema jambo lake la kushangaza. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa tayari na kitenzi cha kulisemea. Kusamehe, neno lenye asili ya Kiarabu, si la moyoni tu. Ni la sokoni na la serikalini pia. Mwenye duka humsamehe mteja deni. Serikali hutoa msamaha wa kodi. Katika matumizi hayo, anayesamehe haelezi hisia zake. Anaiachia haki yake, na hasara anaibeba mwenyewe. Hapo ndipo fasiri ya Kikristo ya msamaha inapopata mwili katika lugha: deni lililosamehewa haliyeyuki hewani, bali huhamia kwa mdai.

Anselm, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alijenga hoja yake maarufu juu ya msingi huu katika Cur Deus Homo, kitabu alichokikamilisha mwaka 1098. Kwake dhambi ni kutompa Mungu kile anachostahili, na malipo ni makubwa kiasi kwamba mwanadamu ndiye anayewajibika kuyatoa, ila Mungu peke yake ndiye awezaye. Pingamizi limezoeleka: deni lililolipwa halikusamehewa, na lililosamehewa halikulipwa. Kiswahili cha duka kinaweza kulijibu pingamizi hilo kwa wepesi kuliko mijadala mingi ya vyuoni. Kila msamaha wa deni una gharama, na mlipaji wake ni yule aliyesamehe. Msalaba, katika fasiri hii, haumwonyeshi mtu wa tatu akimlipa Mungu mwenye hasira. Unamwonyesha mdai akiibeba hasara yake hadharani.

Mfano wa mtumwa asiyesamehe, katika Mathayo 18, unapima jambo hilo kwa hesabu. Mfalme anasamehe talanta 10,000. Kwa kuwa talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, jumla yake ni dinari 60,000,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Mtumwa huyohuyo anamkaba mwenzake kwa dinari 100. Wahubiri hupenda kuziita dinari hizo kitu kidogo. Si kidogo. Ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu, na kibarua yeyote aliyewahi kudhulumiwa kiasi hicho anajua watoto wake walilala vipi. Mfano hausemi kwamba tunayotendewa na wenzetu ni madogo. Unasema kwamba ni halisi, na kwamba yamesimama kando ya kitu kikubwa kuliko hayo mara 600,000.

Hapo sala inaingia katika kiunganishi chake kigumu: kama. Katika Kiswahili neno hili lina nyuso mbili. Ni la mfanano, yaani vile tufanyavyo, na ni la sharti, yaani ikiwa tutafanya. Kiambishi -vyo- katika kitenzi kinachofuata huielekeza maana kwenye mfanano, lakini sikio halisahau uso wa pili, na aya mbili zinazofuata sala katika Mathayo zinauleta wazi. Je, Mungu husamehe kwa sababu sisi tumesamehe? Mfano wa Mathayo 18 unapanga mambo kwa utaratibu mwingine: mfalme anatangulia, kisha mtumwa anapoteza alichopewa kwa kukataa kukipitisha. Sharti lipo, ila haliko mlangoni. Liko ndani ya nyumba, kwa mtu aliyekwisha kupokelewa.

Uzito wa uteuzi huu unaonekana Zanzibar. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa Kuu la Kianglikana likajengwa pale pale. Edward Steere, askofu aliyelisimamia jengo hilo, ndiye pia aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kiunguja, huku misheni yake ikiwapokea watu waliotoka utumwani. Watu hao walisikia habari za msamaha katika lugha ambamo wahusika wa mfano ni watumwa wanaodaiwa. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja na Pemba, amri hiyo iliweka fidia kwa mabwana, si kwa watumwa wao. Fidia ndilo neno ambalo Biblia ya Kiswahili hulitumia kwa uhai wa Kristo uliotolewa kwa ajili ya wengi. Neno moja, na pande mbili zinazopingana za daftari.

Mtu kama huyo akiambiwa asamehe makosa, anaombwa kusahau. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Akiambiwa asamehe deni, kwanza anatambuliwa kuwa mdai: kuna kitu alichonyimwa, na kina thamani. Asiyekuwa na haki ya kudai hana cha kusamehe. Kanisa linalomharakisha mwanamke aliyepigwa au mkimbizi aliyeporwa amsamehe adui yake, kabla ya kukiri kwamba anadai, linamnyang'anya hata uwezo wa kusamehe.

Hoja hii haidai kwamba makosa yafutwe kwenye sala za Wakatoliki; sala iliyokomaa vinywani haibadilishwi na makala. Inadai kwamba deni lisionekane kuwa ukale wa tafsiri unaongoja kurekebishwa. Kiyunani kilitumia neno moja, aphesis, kwa kuachiliwa mateka, kwa kufutwa madeni katika mwaka wa saba na kwa msamaha wa dhambi. Kiswahili kimeligawa: kufunguliwa kwa mateka, ondoleo kwa dhambi. Lakini Biblia ya Muungano, inapofika kwa mfalme yule wa Mathayo 18, inamfanya amfungue mtumwa wake na kumsamehe deni lake katika sentensi moja. Msomaji anayetaka kujua Wakristo wanakusudia nini wanaposema Mungu husamehe anaweza kuanzia kwenye sentensi hiyo.