Kumrudisha Mtenda

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, nusu saa kabla ya taarifa ya habari, na juu ya meza palikuwa na karatasi yenye sentensi moja iliyoandikwa mara tatu kwa penseli. Ya kwanza: "Risasi zilisikika karibu na soko na kijana mmoja akajeruhiwa." Ya pili: "Kijana mmoja alipigwa risasi karibu na soko." Ya tatu: "Polisi walimpiga risasi kijana mmoja karibu na soko." Aliyeziandika alikuwa ripota wa redio ya jamii upande wa mashariki wa Nairobi, katika zile wiki za Juni 2024 ambapo jiji lilinuka gesi ya machozi hadi usiku. Mimi nilikuwa nimekwenda kumsaidia kuhariri. Mbili za mwanzo alikuwa amezikata. Ya tatu ameizungushia duara.

"Mwalimu," akaniambia, "hii ndiyo ninayoitaka. Lakini bado sijaitolea jasho."

Nimehariri habari kwa miaka mingi na sikumbuki kusikia kazi yetu ikielezwa vizuri kuliko hivyo.

Kiswahili kina ukarimu mwingi kwa anayetaka kumficha mtenda. Kauli ya kutendwa hukuruhusu kusema "alipigwa" ukanyamaza hapo, ingawa msikilizaji bado anaweza kuuliza: na nani? Kauli ya kutendeka, pamoja na vitenzi vinavyofanana nayo, hulifunga hata swali hilo. Ghasia zilizuka. Mali iliharibika. Maisha yalipotea. Risasi zilisikika. Baada ya vitenzi hivi huwezi kuongeza "na fulani". Sarufi yenyewe inakukatalia, na risasi inakuwa kama radi, haina mwenyewe. Sikiliza taarifa za siku ya maandamano utavisikia vimepanga foleni. Mara nyingine ni woga. Mara nyingi zaidi ni kwamba mwandishi hakuwapo, kwa hiyo hana cha kuweka mahali pa mtenda. Sentensi ya kutendeka haihitaji shahidi. Sentensi yenye mtenda huhitaji kutwa nzima ya kazi, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Juni ile Wakenya wanaikumbuka. Mswada wa Fedha ulilenga kukusanya takribani shilingi bilioni 346 za ziada, na watu wakaandamana kuupinga. Tarehe 25 wabunge 195 waliuunga mkono, 106 wakaupinga. Waandamanaji wakaingia Bungeni na baadhi yao wakachoma sehemu ya jengo. Polisi wakawafyatulia watu risasi. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39. Ninaandika "polisi wakawafyatulia" bila kusita kwa sababu waliokuwapo walipiga picha. Filamu ya BBC Africa Eye iitwayo Blood Parliament, iliyotoka Aprili 2025, ilichambua picha na video zaidi ya 5,000 za siku hiyo. Mtenda hurudi kwenye sentensi kwa njia hiyo: mtu alikuwapo, akaona, akatunza alichokiona.

Ripota wetu, dada wa mtaa huo, huanza kazi alfajiri, kabla ya mtu yeyote kupaza sauti. Anaipita njia ya maandamano kwa miguu. Anatazama kichochoro kipi kinatokea barabara ya pili na kipi kinaishia ukutani, duka lipi lina mlango wa nyuma, nyumba ya nani ina ngazi ya nje. Anamsalimu mama wa mboga, anamwomba amwekee chupa ya maji chini ya meza. Maandamano yanapofika, husimama ubavuni, mgongo karibu na ukuta, njia ya kutokea akiijua. Hasimami kamwe kati ya mistari miwili.

"Katikati unaona vumbi tu, na unapigwa na pande zote," alinieleza. "Ubavuni unauona mkono ulioinua jiwe, na unakiona kidole kilicho kwenye bunduki."

Vifaa vyake vinaingia kwenye mkoba mmoja. Simu mbili: moja ya kurekodi, nyingine ile ndogo ya vitufe, mulika mwizi, ambayo chaji yake hudumu siku kadhaa na hakuna anayeitamani. Kitambaa. Daftari dogo. Penseli, kwa sababu haiishiwi wino na maji hayaifuti. Namba tatu za simu ameziandika mkononi: ya mhariri, ya wakili, ya mama yake. Daftarini huandika saa kwanza, kisha jambo. Saa ndiyo kamba, asema, mengine yote utayaanika juu yake. Nililipekua daftari la siku ya zile sentensi tatu. Kurasa kumi na moja, na hakuna mstari usio na saa.

Kisha kuna kuhesabu watu. Mpangaji wa maandamano atakutajia makumi ya maelfu. Afisa atakutajia kikundi. Katika miaka ya 1960 Herbert Jacobs, mwanahabari aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwatazama kutoka dirishani wanafunzi waliopinga vita vya Vietnam, akagundua kwamba uwanja waliosimama una mistari ya miraba. Akahesabu watu katika miraba michache, akazidisha. Kanuni yake ingali hai: umati uliolegea ni takribani mtu mmoja kwa kila mita ya mraba, uliobanana ni wawili hadi watatu, usiopenyeka ni wanne. Ripota wetu hana dirisha la ghorofani. Ana miguu. Anajua kwamba kutoka kituo cha matatu hadi lango la soko ni hatua mia mbili, upana hatua kumi na mbili, na hatua yake ni robo tatu za mita. Barabara hiyo ikijaa watu wasiobanana, ni watu wapatao 1,350. Hewani atasema "zaidi ya elfu moja". Atakayebisha na akapime mwenyewe. Barabara ipo pale pale.

Mchana video huanza kumiminika kwenye simu. Wengine husambaza. Yeye huitazama video mara ya kwanza bila sauti, na mara ya pili huisikiliza bila kuitazama. Bila sauti, hutafuta vitu visivyojua kudanganya: kibao cha duka, mlingoti wa umeme uliopinda, jina la sako kwenye matatu. Bila picha, masikio hupambanua mlio mzito wa bunduki ya gesi na mlio mkavu wa risasi. Vivuli navyo husaidia. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na mwezi Juni jua huwa kaskazini. Basi yapata saa sita na nusu mchana kivuli cha mlingoti huelekea kusini, na urefu wake haufiki nusu ya mlingoti wenyewe. Lakini Juni ni msimu wa baridi na mawingu, na siku nyingi kivuli hakionekani kabisa. Ikimjia video ya "leo hii" yenye vivuli vikali, siku ambayo mtaa mzima haujaliona jua, huiweka kando bila hesabu yoyote. Mwandishi wa mbali hawezi kujua kwamba mtaani hapa kumekucha na mawingu. Ripota wetu alianika nguo, zikakataa kukauka.

Hospitalini hatangulizi kinasa sauti. "Pole, mama. Mimi ni wa redio ya hapa mtaani. Naweza kukaa?" Hukaa kwanza. Swali huja baadaye, wakati mwingine halifiki. Jina la majeruhi huliandika kwa herufi kubwa, kisha humgeuzia daftari mwenye mtoto alisome, kwa kuwa Nairobi herufi moja hubadili mtu: Ochieng akiandikwa Achieng amekuwa binti. Halafu huuliza kama jina hilo lisomwe hewani au libaki daftarini, na jibu lolote hulitii. Picha zake za vijana ni migongo, mabango, viatu vilivyoachwa barabarani. Anajua kwamba uso uliopigwa picha leo kwa sifa unaweza kesho kumwongoza anayekuja kugonga mlango usiku.

Ufundi huu una wazee wake. Mwaka 1988 jarida la Beyond, chini ya mhariri Bedan Mbugua, liliandika juu ya wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, na serikali ikalipiga marufuku. Tarehe 30 Desemba 2007, katika ghasia za baada ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku chache baadaye Ory Okolloh na wenzake wakaanzisha Ushahidi, jukwaa la mtandaoni ambapo mwananchi alituma alichokiona, nacho kikawekwa kwenye ramani. Koch FM ya Korogocho ilikuwa imeanza mwaka 2006, Pamoja FM ya Kibera mwaka 2007, na zote mbili zilipaswa kusema na majirani waliogeukiana. Boniface Mwangi, aliyezipiga picha ghasia hizo, alizirudisha kwa wananchi kupitia maonyesho ya Picha Mtaani, ili watu wajionee yaliyotendeka na waliotenda. Redio hizi za mitaa ya Nairobi hugawana masafa mamoja, 99.9, kila moja ikisikika kwake. Mtangazaji akikosea jina la mtaa, msikilizaji anaweza kuja kwa miguu kumsahihisha.

Bei ya ufundi huu inajulikana. Tarehe 16 Julai 2024, mjini Nakuru, polisi walimpiga mwandishi Catherine Wanjeri wa kituo cha Kameme risasi za mpira mguuni, naye amevaa koti la waandishi wa habari. Wiki moja baadaye waandishi wenyewe waliandamana katika miji kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome, na maafisa wakazima mitambo ya NTV na KTN. Mahakama Kuu ikaisitisha amri hiyo siku ile ile.

Nimewauliza waandishi wengi kwa nini wanaendelea. Jibu ninaloliamini nililiona badala ya kuambiwa. Ripota wa mtaa haondoki. Polisi wa kituo anamjua, mwenye duka lililovunjwa anamjua, mama wa majeruhi atakutana naye kwenye foleni ya maji. Waandamanaji wakivunja duka, naye atawataja kuwa wamelivunja, ingawa miongoni mwao kuna aliosoma nao. Mwenye duka pia ni jirani na anasikiliza. Usahihi wake hautokani na kitabu cha maadili peke yake. Unatokana na kujua kwamba asubuhi atapita barabara ile ile, na kila aliyemtaja anaweza kumsimamisha.

Jioni ile alipiga simu nne. Shahidi wa kwanza aliwaona polisi wenye sare. Wa pili, aliyekuwa upande wa pili wa barabara na asiyemfahamu wa kwanza, alitaja saa ile ile. Wa tatu alikuwa amesikia tu; akamshukuru, akamwacha nje ya habari. Ya nne ilikwenda kituo cha polisi. Ikaita hadi ikakatika, naye akaandika saa. Zikiwa zimebaki dakika sita, akaandika upya, na saa moja kamili akasoma: "Polisi wenye sare, waliofika kwa lori, walifyatua risasi karibu na lango la soko saa tisa na dakika kumi alasiri. Risasi moja ilimpata kijana mmoja mguuni. Hayo yameshuhudiwa na watu wawili waliozungumza na redio hii, kila mmoja peke yake. Tumekipigia simu kituo cha polisi saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja, haikupokewa."

Asubuhi yake tulikwenda kunywa chai kwenye kibanda kilicho mkabala na soko. Mama wa chai alimimina vikombe viwili, akaweka mandazi, kisha akamtazama.

"Mwanangu, jana umesema vizuri. Lakini lile halikuwa lori. Ilikuwa Land Cruiser."

"Uliiona mwenyewe, mama?"

"Ilisimama hapo ulipokaa."

Akasukuma kikombe kando, akatoa daftari na penseli. Akaandika saa kwanza. Taarifa ya jioni ilianza na marekebisho hayo.