Sasa Isiyo na Mtu: Kumbukumbu, Uzee na Maombolezo katika Tamthilia ya Marjorie Prime

Utangulizi

Marjorie Prime ni tamthilia ya Jordan Harrison, mtunzi wa Marekani. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 katika ukumbi wa Mark Taper Forum, Los Angeles, na mwaka 2015 ilikuwa miongoni mwa kazi zilizofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Pulitzer katika uwanja wa tamthilia. Mwaka 2017 Michael Almereyda aliigeuza kuwa filamu. Kwa kuwa mandhari yake ni ya wakati ujao, ni rahisi kuichukulia kuwa kazi ya kutahadharisha kuhusu akili unde. Sehemu hii inajenga hoja tofauti: kwamba kiini cha mgogoro wa tamthilia ni ukimya wa familia, na kwamba mashine hurithi ukimya huo kama inavyorithi maneno.

Msingi wa kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na dhana mbili za John Mbiti katika African Religions and Philosophy (1969), ambazo majina yake aliyatwaa kutoka Kiswahili: Sasa na Zamani. Kwa mujibu wa Mbiti, marehemu hubaki katika Sasa maadamu wapo walio hai waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Anapofariki wa mwisho wao, marehemu huzama katika Zamani. Dhana hizi zimekosolewa kwa kuijumuisha Afrika nzima katika mtazamo mmoja wa wakati. Hapa zinatumika kama nyenzo ya usomaji tu. Haidaiwi kwamba familia ya Kimarekani inayosawiriwa ina imani hizo. Manufaa yake ni kwamba zinaweka wazi swali ambalo tamthilia inalizunguka: nani anambakiza marehemu miongoni mwa walio hai, na kwa masharti gani?

Kumbukumbu kama makubaliano

Marjorie ni ajuza mwenye umri wa miaka themanini na mitano ambaye kumbukumbu yake inadhoofika. Anazungumza na Prime, yaani taswira ya kidijitali ya mumewe marehemu Walter, iliyopewa sura ya Walter akiwa kijana. Prime hiyo haijui lolote isipokuwa lile iliyoambiwa, na inapoulizwa jambo ambalo haikuambiwa, hukiri kwamba haina taarifa. Katika onesho la mwanzo inasimulia jioni ya posa, wawili hao walipokwenda kutazama filamu ya My Best Friend's Wedding. Marjorie anapendekeza kwamba filamu iwe Casablanca, na ukumbi uwe wa kizamani na wa kupendeza zaidi. Prime inakubali. Tangu hapo marekebisho hayo huwa ndiyo historia.

Tukio hili linachekesha, lakini ndilo linalobeba msuko mzima. Uzee hapa haukusawiriwa kama upungufu pekee. Marjorie anajua anachokifanya; anachagua ajuavyo. Tess, binti yake, ndiye anayeona hatari, kwa kuwa anaamini kwamba mtu halikumbuki tukio lenyewe bali mara ya mwisho alipolikumbuka. Kwa hiyo binadamu naye ni nakala ya nakala. Tofauti kati ya Marjorie na Prime yake inakuwa ya kiwango, na jambo hilo ndilo linalomtia Tess uchungu: mama anaonekana kustarehe zaidi mbele ya mashine kuliko mbele ya mwanawe.

Jina lisilotajwa

Marjorie na Walter walikuwa na mtoto mwingine, Damian, aliyejiua akiwa kijana. Kwa miongo mingi Marjorie hakulitamka jina lake. Likisomwa kwa dhana za Mbiti, tendo hili ni zito: Damian amesukumwa katika Zamani ilhali waliomzaa na dada yake wangali hai. Ni Jon, mume wa Tess, yaani mkwe ambaye msiba huo haukuwa wake kwa damu, anayeieleza mashine habari hizo.

Ukimya huo haukomi kwa kifo cha Marjorie. Katika sehemu ya pili Tess anaketi na Prime ya mama yake, akiifundisha kuwa mama na wakati huohuo akiidai upendo aliohisi kwamba ulikwenda kwa Damian. Mashine haiwezi kukiri kosa ambalo haikulitenda wala kuomba radhi kwa niaba ya aliyelitenda. Baadaye Tess naye anajiua, na Jon anabaki na Prime ya mkewe. Kifo hicho kinatokea nje ya jukwaa. Inaweza kudaiwa kwamba mtunzi amekiharakisha, na dai hilo lina uzito kwa upande wa usawiri wa Tess. Hata hivyo, hadhira inakipokea kama familia hii inavyopokea kila msiba: kwa habari, baada ya tukio.

Mashine na upatanisho wa ngeli

Katika onesho la mwisho Prime tatu zinazungumza zenyewe, na jina la Damian linatajwa bila kigugumizi. Mhakiki wa Kiswahili analazimika kuamua: je, aandike "wanazungumza" au "zinazungumza"? Sehemu hii imetumia ngeli ya I-ZI kwa Prime, lakini onesho hilo linaufanya uamuzi huo kuwa mgumu, kwa kuwa mashine zinafikia utulivu ambao wenye kumbukumbu hawakuufikia.

Hitimisho

Mbiti hakukadiria Sasa isiyo na mtu hai ndani yake. Harrison anaijenga jukwaani: majina yanatajwa, upendo unakumbukwa, ila aliyehitaji kuyasikia hayo hayupo. Kwa hiyo utulivu wa mwisho si faraja kamili wala kitisho kitupu, ni kejeli. Damian anarudishiwa jina lake, lakini na vitu ambavyo haviwezi kumlilia. Mashine imehifadhi kila ilichopewa. Maombolezo yalikuwa kazi ya Marjorie na Tess wangali hai.