Ngao ya Chuma, Huruma
Prado ikiegeshwa mbele ya kibanda cha jua kali mtaani Huruma, Eldoret, ili ifungwe ngao ya chuma mbele, fundi haanzi na moto. Huanza na kadibodi. Huchuchumaa, hukata umbo la pua ya gari, hulijaribisha, hulikata tena, mpaka taa zisizibwe na redieta ipate upepo wake. Ndipo mabomba ya ngao hujazwa mchanga mkavu, yakapashwa moto na kukunjwa. Bila mchanga, bomba hubonyea kwenye kona. Hushikiza vipande kwa nukta chache, hupima kulia na kushoto, kisha huchomelea kwa zamu, huku na huku, maana joto huvuta chuma kikapinda. Akilazimika kuchomelea garini, hufungua kwanza waya wa betri.

Ninaloliheshimu zaidi halionekani: vibao vinene vya kushikilia ngao, vilivyofungwa kwa bolti kwenye chesisi, wala si kwenye bampa la plastiki. Kuvifunga, fundi hulala chali chini ya gari, vumbi na kutu vikimwangukia machoni. Jioni moja ng'ombe atakatiza ghafla barabara ya kwenda Turbo, na dereva, akishuka mzima, atamshukuru Mungu na breki zake.